Nyama ya Jumapili London: tafuta wanaokubali kuishiwa

Ikifika saa sita mchana siku ya Jumapili, karibu kila baa ya London huwa na ubao wa chaki mlangoni: ng'ombe, mwanakondoo, kuku, pengine na nguruwe, zote za kuoka, zote na viazi na mboga. Mgeni akiuona wingi huo hudhani kazi imekwisha, kwamba popote atakapoingia atakula vizuri. Si hivyo. Mlo wa Jumapili wa Waingereza ukipikwa unavyostahili ni chakula cha heshima, kinachoweza kuwekwa meza moja na pilau ya harusi bila kuona haya. Ukipikwa ovyo ni adhabu. Na London, jiji ambalo halikosi chakula cha taifa lolote, huupika ovyo mara nyingi mno: nyama ya kijivu iliyopashwa moto ndani ya mchuzi wa unga, viazi vilivyolegea kwa kungoja, kabichi iliyochemshwa hadi ikapoteza rangi.

Anayeuonja hivyo kwa mara ya kwanza huondoka akiamini uvumi wa siku nyingi kwamba Mwingereza hajui kupika. Mimi naupenda mlo huu, na huniuma kuona watu wakilipa pesa nzuri wakapewa kivuli chake. Wasomaji wengi wa ukurasa huu wana ndugu London, wako waliokwenda kusoma, wako wauguzi, wako wanaopita kikazi, na ipo Jumapili watakayotaka kukaa kitako wale kama wenyeji. Nawaandikia hao. Na kama ningepewa nafasi ya sentensi moja tu, ningesema: tafuta mahali ambapo chakula huisha.

Sababu iko katika nyama yenyewe. Pande kubwa la ng'ombe lina saa yake. Likitoka kwenye oveni linahitaji kupumzika nusu saa hivi ili majimaji yatulie ndani, na baada ya hapo linabaki katika ubora wake kwa muda mfupi tu. Ukipita muda huo, taa za kulitunza moto zinaendelea kulipika polepole, linakauka, na hakuna mchuzi wa kulirudisha lilikotoka. Sasa, mwenye baa anayeuza nyama ya kuoka tangu saa sita mchana hadi saa mbili usiku bila kuishiwa ana njia mbili. Ama anaoka kwa zamu, mapande mapya yakiingia kila baada ya muda, kazi inayotaka mpishi mwenye nidhamu na wateja wasiokatika. Ama anaoka yote asubuhi, anayapoza, anayakata, kisha anapasha vipande kila oda inapoingia jikoni. Wengi hufuata njia ya pili, na ukishakula sahani ya namna hiyo unaijua: kingo za nyama zimejikunja, katikati hakuna tena wekundu, na mchuzi umemwagwa wa kutosha kuficha vyote viwili.

Zamani sheria ilimlinda mlaji bila kukusudia. Hadi mwaka 1995 baa za Uingereza na Wales zililazimika kufunga Jumapili alasiri. Zilifungua saa sita, zikafunga saa tisa, zikafungua tena jioni. Jiko lilikuwa na mlo mmoja wa mchana, nyama ikatoka kwa ajili ya mlo huo, na aliyechelewa akakosa. Mwaka mmoja kabla, 1994, Bunge lilikuwa limeruhusu maduka makubwa kufungua kwa saa sita siku ya Jumapili, na familia zilizozoea kukaa nyumbani zikaanza kutoka. Jumapili ikawa siku ndefu ya biashara. Siwalaumu waliofurahia uhuru huo. Lakini naamini hapo ndipo nyama ya Jumapili ilipoanza kupoteza saa yake, maana chakula kilichokuwa cha saa saba kikageuzwa kuwa cha saa yoyote.

Mlo huu ulizaliwa na ratiba. Jumapili ilikuwa siku ya kanisa na siku ya mapumziko, ndiyo siku pekee ambayo mfanyakazi angeweza kukaa na wanawe mchana. Matajiri walikuwa na meko makubwa ambamo nyama ilichomekwa kwenye chuma na kuzungushwa mbele ya moto kwa saa kadhaa. Kazi ya kuzungusha ilikuwa ngumu kiasi kwamba tangu karne ya 16 walifugwa mbwa wadogo wa miguu mifupi kwa ajili yake, wakikimbia ndani ya gurudumu lililofungwa ukutani na kuunganishwa na chuma hicho. Mmoja wa mbwa hao, aliyekaushwa, bado yuko katika makumbusho ya Abergavenny huko Wales. Maskini hawakuwa na meko wala kuni za kutosha. Wao walipeleka kipande chao kwa mwoka mikate asubuhi, tanuri lake likiwa bado na moto, wakaenda kanisani, na wakirudi wakakipitia kikiwa tayari. Kengele ya mwisho wa ibada ndiyo iliyoamua saa ya kula.

Nyama ilikuwa ghali, na werevu wa maskini ndio ulioupa mlo huu kitu chake kizuri kuliko vyote. Chini ya nyama iliwekwa karai pana lenye uji mwepesi wa unga, mayai na maziwa, mafuta yakadondokea humo, uji ukaumuka na kuiva. Wakaupa jina la jimbo la kaskazini: Yorkshire pudding. Hannah Glasse aliuandika katika kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1747, na huko kaskazini ulikuwa ukiletwa mezani kwanza, na mchuzi peke yake, ili watoto washibe kabla nyama haijafika. Leo hupikwa vikombe vikombe, kimoja kwa kila sahani. Mwaka 2008 jumuiya ya wanakemia wa Uingereza ilitangaza kwamba usiofikia urefu wa inchi nne haustahili jina hilo. Mimi sichukui rula mezani, ila nakubaliana nao kwa moyo wote. Ukiletewa kitu kilichosinyaa, kigumu kingoni na kibichi katikati, ujue hata jikoni hawajali.

Kisha vikaja vita. Nyama iliingia kwenye mgao mwaka 1940 na haikutoka hadi Julai 1954, miaka tisa baada ya bunduki kunyamaza. Kizazi kizima kililelewa kikipimiwa nyama ya wiki nzima kwa kitabu cha mgao, na kilipokuja kuwa na pesa, hamu yake ilikuwa kuona pande zima, kubwa, limewekwa hadharani. Hamu hiyo ina mchango mkubwa katika jambo tunalolitafuta leo: kaveri, yaani mgahawa ambao nyama haiji mezani ikiwa imeshakatwa, bali mteja huiendea mwenyewe, akasimama mbele yake, akamwambia mkataji anataka wapi na kiasi gani.

Utaratibu wa kukatiwa nyama mbele yako ulikuwapo tangu zamani kwa wenye uwezo. Simpson's in the Strand, iliyoanza mwaka 1828 kama ukumbi wa kuvuta sigara na kucheza sataranji, ndiyo iliyokuwa na jina kuu. Nyama ilisukumwa kwenye kitoroli chenye kifuniko cha fedha hadi ubavuni mwa mlaji, na inasimuliwa kwamba lengo la kwanza lilikuwa wachezaji wasinyanyuke na kuacha mchezo. Mkataji alikata mbele yako, na desturi ilikuwa kumtilia mkononi chochote kabla hajasukuma kitoroli kwenda meza nyingine. Ukumbi huo ulifunga milango mwaka 2020 wakati wa UVIKO.

Umaarufu wa umma ulikuja na makampuni ya baa. Toby Carvery ilianza mwaka 1985 na ni ya kampuni ya Mitchells & Butlers, yenye makao Birmingham. Ina matawi zaidi ya 150, na ukitazama ramani utaona kwamba mengi yako pembezoni mwa miji, kando ya barabara kuu, palipo na kiwanja cha kuegesha magari. London si tofauti. Katikati ya jiji, ambako kila futi ya sakafu ina kodi yake, hakuna anayetaka kutenga nusu ya ukumbi kwa ajili ya meza ya nyama na foleni. Kwa hiyo anayetaka kaveri ya kweli apande treni kuelekea ukingoni, Enfield, Romford, Bexley na huko kote ambako jiji linaanza kuonyesha miti.

Watu wa chakula cha kisasa hukidharau kitu hiki. Kwao kaveri ni mahali pa wazee wa pensheni, familia zenye watoto wengi na madereva walioshikwa na njaa. Nami nasema hao ndio wanaojua kula Jumapili. Nenda utazame: bibi na babu wameletwa na wajukuu, meza imejaa, mtoto amepewa sahani yake ndogo na anaenda mwenyewe kuchagua viazi. Hakuna anayeharakishwa. Bei haipishani sana na ya chakula cha kawaida cha mkahawani, na mboga unapakua mwenyewe. Mlo huu ulianza kama starehe ya mfanyakazi siku yake ya mapumziko, na kama umebaki kuwa hivyo popote, umebaki huko.

Kwa asiyewahi kuingia, mambo huenda hivi. Unakaribishwa, unaonyeshwa meza, unaagiza na kulipia kinywaji na chakula, kisha unapanga foleni. Mwanzoni mwa meza yuko mkataji amevaa aproni, mbele yake kuna mapande matatu au manne chini ya taa nyekundu: ng'ombe, bata mzinga, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, pengine nguruwe wa kawaida na ngozi yake iliyokauka hadi inavunjika. Anakupa sahani ya moto. Unasema unachotaka, unaruhusiwa kuchanganya. Anakuwekea na Yorkshire pudding yako. Baada ya hapo uko peke yako: viazi vya kuokwa, viazi vya kupondwa, karoti, njegere, kabichi, koliflawa katika jibini, na mpira mdogo wa mkate uliochanganywa na vitunguu na majani ya kunukia. Mwisho mchuzi, na bakuli za viungo: sosi nyeupe ya mzizi mkali unaopanda puani kwa ng'ombe, nanaa katika siki kwa kondoo, tufaha zilizopondwa kwa nguruwe. Wengi hufanya haraka wakajaza sahani mlima. Usifanye hivyo. Kwa kawaida unaweza kurudi kuongeza mboga, na kiazi cha pili kilichotoka jikoni sasa hivi ni bora kuliko vitano vilivyolowa mchuzi.

Simama ukimtazama mkataji, hata ukiwa na njaa, kwa sababu mikono yake itakueleza kama umefika mahali sahihi. Anayejua kazi ana kisu kirefu chembamba na uma wenye meno mawili, na kila baada ya wateja wachache hupitisha kisu kwenye chuma cha kunolea, mara mbili tatu, bila kukitazama. Kabla ya kukata huligeuza pande akatafuta nyuzi za nyama zimelala upande gani, kisha hukata kukingama nazo, kwa mikato mirefu ya kuvuta, si ya kusaga kama msumeno. Nyama inaanguka yenyewe, jani jembamba, kingo za kahawia iliyokolea, ndani waridi, na chozi la maji linatokea juu ya ubao. Ukitaka ya kuiva zaidi hakurudishi jikoni; anakukatia mwishoni mwa pande, ambako moto ulifika kwanza. Ukitaka mafuta anakuachia mafuta. Asiyejua kazi utamwona anasukuma kisu butu, vipande vinakatika vinene upande mmoja na vyembamba upande wa pili, na baada ya muda anaacha kisu na kuokota kwa koleo vile alivyovikata mapema. Ukiona koleo linatumika zaidi ya kisu, chukua bata mzinga na mchuzi mwingi, au geuza urudi ulikotoka.

Msomaji wa Nairobi hatauona ugeni katika hili. Carnivore ya Lang'ata, iliyofunguliwa mwaka 1980, ilijengewa jina kwa kubeba nyama kutoka kwenye shimo la makaa hadi mezani ikiwa kwenye sime za Kimasai na kumkatia mlaji kwenye sahani yake hadi ashushe kibendera. Na hata kabla ya hapo, katika bucha yoyote yenye choma, unaingia, unaonyesha kidole kwenye ubavu unaoning'inia, unapimiwa, unachomewa, na mkataji anakuja na ubao wake na kachumbari. Anayekula anaona nyama kabla haijawa chakula. Ndiyo maana nashangaa Waafrika Mashariki wengi wa London wanakwenda kwenye mikahawa ya sahani zilizokwisha kupangwa jikoni, wakati kaveri nzuri inawapa kitu wanachokijua tangu nyumbani.

Baada ya nyama, kipimo changu ni kiazi. Kiazi cha Jumapili kikipikwa sawasawa huchemshwa kwanza hadi nje kilainike, hutikiswa sufuriani hadi ngozi yake ipate michubuko, kisha hutiwa kwenye mafuta yaliyokwisha kuwa moto sana, ya ng'ombe au ya bata bukini, na kuokwa hadi michubuko ile igeuke ganda la dhahabu linalolia chini ya jino. Waingereza huchagua aina za unga kwa kazi hii: Maris Piper na King Edward ndizo wanazozitaja mara nyingi. Lakini ganda hilo haliishi. Likifunikwa, mvuke unalilainisha kwa dakika chache. Kwa hiyo tazama chombo cha viazi kwenye meza ya kaveri. Kikiwa kipana, hakijafunikwa na kinakaribia kuisha, huku mtu anatoka jikoni na kingine, umebahatika. Kikiwa kirefu, kimejaa hadi juu, na viazi vya chini vimebanwa, vimekaa hapo muda mrefu.

Mchuzi nao una siri yake. Mzuri huanzia kwenye karai lililookea nyama, katika ule ugando wa kahawia uliobaki chini, ukaoshwa kwa supu ya mifupa na kupunguzwa. Tangu mwaka 1908 Waingereza wamekuwa na unga wa Bisto wa kuuongezea uzito na rangi, na sina ugomvi na anayeuongeza nyumbani. Ugomvi wangu ni na mgahawa unaoleta maji ya kahawia yenye chumvi yasiyowahi kukaribia nyama. Onja mchuzi kwa ncha ya kijiko kabla ya kuumwaga. Mwonjo huo wa sekunde moja utakuokolea sahani nzima.

Je, anayebaki katikati ya jiji ale wapi? Zipo nyumba ninazoziheshimu, ingawa huko hutasimama mbele ya nyama nzima. Blacklock, iliyoanza Soho mwaka 2015, huchoma mapande mazima kwenye moto wa makaa siku ya Jumapili, na kundi linaweza kuletewa ng'ombe, nguruwe na kondoo kwenye ubao mmoja wa kushirikiana. Kwa anayetamani ile hali ya kaveri bila kutoka mjini, hapo ndipo pa karibu zaidi. Hawksmoor, iliyofunguliwa karibu na Spitalfields mwaka 2006, huanzia nyama yake kwenye makaa na kuimalizia kwenye oveni. Harwood Arms ya Fulham ni baa iliyopewa nyota ya Michelin mwaka 2010, na wawindaji ndio wanaoilisha: paa na ndege wa porini huonekana huko msimu wao ukifika. Na Rules, ya Maiden Lane, imekuwa ikiuza nyama ya Kiingereza tangu 1798. Mbavu zake za ng'ombe zinaheshimika sana.

Hizi si za bei ya kaveri. Katikati ya London sahani moja ya Jumapili katika baa inayojiheshimu hupita pauni 20 bila taabu, na juu yake huongezwa ada ya huduma ambayo mara nyingi ni asilimia 12.5. Ada hiyo kwa kawaida ni ya hiari. Ukiona ulihudumiwa vibaya unaweza kuomba iondolewe bila kugombana. Lakini ukihudumiwa vizuri ilipe kwa moyo, kwani tangu Oktoba 2024 sheria inamtaka mwajiri awape wafanyakazi bahashishi yote bila kukata kitu.

Baa ndogo za mitaani ndizo zinazohitaji macho zaidi, maana humo ndimo mna vito na ndimo mna takataka. Hizo ubao wa nje hauzitofautishi. Ninachokiamini ni idadi ya vitu. Baa inayotoa nyama mbili na chakula kimoja cha wasiokula nyama, basi, ina mpishi anayefahamu wateja wake ni wangapi na ameoka kwa hesabu yao. Baa inayotoa nyama sita, samaki, baga na tambi siku hiyohiyo ina friji kubwa. Tazama pia saa ya mwisho. Palipoandikwa kwamba chakula ni kuanzia saa sita hadi kitakapoisha, mwandishi wa maneno hayo amekubali kupoteza wateja wa jioni ili wa mchana wale vizuri, na kwangu hiyo ni heshima kubwa kuliko nyota yoyote. Siku ya Alhamisi au Ijumaa piga simu uweke nafasi, na katika mazungumzo uliza kwa upole nyama ya kwanza inatoka saa ngapi. Wanaooka kwa zamu hujibu mara moja. Wanaopasha vipande hawaelewi swali.

Omba meza ya saa sita na nusu au saa saba. Epuka Jumapili ya Akina Mama, ambayo kwa Waingereza huangukia ndani ya Kwaresima, mwezi Machi kwa kawaida; siku hiyo kila mtu amemtoa mama yake na jiko bora kabisa huzidiwa. Na angalia treni kabla ya kutoka, hasa ukielekea kaveri za pembezoni, kwa sababu matengenezo ya reli ya London hufanyika mwishoni mwa wiki na njia nzima inaweza kufungwa.

Kwa Muislamu shughuli ni nyingine kabisa, na nasikitika kwamba miongozo ya chakula ya London huipita kimya. Tatizo si nyama peke yake. Kwenye meza ya kaveri paja la nguruwe linakaa bega kwa bega na ng'ombe, na kisu mara nyingi ni kimoja. Viazi vinaweza kuwa vimeokwa katika mafuta ya nyama isiyochinjwa kisharia. Ule mpira wa mkate na vitunguu mara nyingi una nyama ya soseji ya nguruwe ndani. Mchuzi unaweza kuwa umetiwa divai. Hata kuchagua mboga tupu hakukutoi kwenye mashaka. Kwa hiyo usijaribu kuokoteza. Nenda kwenye nyumba ya halali iliyojitangaza hivyo tangu jikoni. Mashariki mwa London mikahawa ya steki ya halali imeanza kuweka nyama ya kuoka siku ya Jumapili, ng'ombe na mwanakondoo, pamoja na Yorkshire pudding na vyote vinavyoandamana nayo. Wapime kwa vipimo vilevile. Uhalali wa nyama haumpi mpishi ruhusa ya kuipasha mara ya pili, na vijana wanaoendesha nyumba hizi wana nafasi ya kufanya vizuri kuliko wenye baa, kwa sababu hawana haja ya kuuza bia alasiri nzima.

Au pika nyumbani, ambako saa ni yako. Bucha za halali za Green Street, Upton Park, zitakukatia paja zima la mwanakondoo, la kilo mbili hivi, linalotosha watu sita wenye adabu. Lichome kwa ncha ya kisu, shindilia kitunguu saumu katika matundu, paka chumvi, pilipili manga na mafuta, na kama nyumba yako inapenda, bizari nyembamba kidogo. Liingize kwenye oveni ya nyuzi 180 saa nne na nusu asubuhi. Saa sita na nusu litoe, lifunike kwa karatasi ya jikoni, uliache. Usiliguse. Pandisha moto wa oveni, ingiza vikombe vya Yorkshire pudding katika mafuta yanayofuka moshi, na usifungue mlango kwa dakika 20, hata kama mgeni anabisha hodi. Viazi viwe vinamalizia rafu ya juu. Karai la nyama liweke juu ya jiko, mwaga supu, kwangua, punguza. Saa saba kamili noa kisu, na ukate mbele ya watu.